Kumpiga Kanga Akiwa Angani

Leo tuzungumze juu ya kanga na bunduki ya marisau. Wakati wa kupanda, kanga hushuka shambani alfajiri na jioni, wakafukua mbegu za mahindi na karanga mstari kwa mstari. Ukichelewa, unapanda upya. Wenye bunduki nao hulalamika: risasi zinakwisha, kanga wanakwenda zao. Na risasi ni ghali. Basi tuone kosa liko wapi.

Tuanze na sheria. Hapa Tanzania bunduki lazima iwe na leseni kufuatana na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kanga naye ni mnyamapori, na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali cha kuwinda. Usiseme, "Yuko shambani kwangu." Mwone kwanza Ofisa Wanyamapori wa wilaya yako.

Jambo jingine: bunduki si dawa ya kwelea kwelea. Kwelea mmoja hula kiasi cha gramu 10 za nafaka kwa siku. Ndege milioni moja humaliza tani 10. Utapiga wangapi? Ukiona kundi la kwelea, mpe habari Bwana Shamba mapema, wala usipoteze risasi.

Sasa turudi kwa kanga. Kwa nini unamkosa? Kwa sababu unapiga mahali alipokuwa, si mahali anapokwenda. Tuseme kanga anapita mbele yako, umbali wa mita 30, akiruka mita 15 kwa sekunde. Marisau huchukua kama sehemu moja ya kumi ya sekunde kufika hapo. Katika muda huo kanga amesogea mita moja na nusu! Ukimlenga yeye mwenyewe, marisau yanapita nyuma ya mkia.

Fanya hivi:

1. Lijue jicho lako kuu. Fungua macho yote mawili, nyoosha kidole kuelekea mti wa mbali. Funga jicho la kushoto. Kidole kikibaki kwenye mti, jicho lako kuu ni la kulia. Kikihama, ni la kushoto. Bunduki ikae bega la upande wa jicho kuu.

2. Simama vizuri. Anayetumia bega la kulia atangulize mguu wa kushoto, uzito uelekee mbele kidogo. Magoti yasikakamae, maana kiuno ndicho kinachogeuka na bunduki.

3. Leta bunduki shavuni, kisha kitako kikae begani. Usiinamishe kichwa kuifuata bunduki. Shavu likiinuka kwenye kitako, marisau yatapita juu.

4. Chagua ndege mmoja. Kundi likiruka kwa kelele, mtu hupiga katikati akidhani atapata watatu. Mshika mbili moja humponyoka. Mkazie macho kanga mmoja, usitazame mtutu.

5. Anza nyuma yake, mfuate kwa mtutu, mpite, ndipo ufyatue. Na baada ya kufyatua usisimamishe mkono, endelea kumfuata. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa: wanasimamisha bunduki ili walenge, na kanga hasimami kuwangoja. Kanga anayekwenda moja kwa moja mbele yako, akiwa sawa na macho yako, hahitaji kutanguliwa.

6. Usipige mbali. Zaidi ya hatua 40 marisau yametawanyika na nguvu imepungua. Kanga atajeruhiwa, atakwenda kufia porini, nawe huna nyama wala mbegu.

Haya, utajifunzaje bila kumaliza risasi? Hakikisha bunduki ni tupu, tena angalia mara ya pili. Ndani ya nyumba, fuata kwa mtutu mstari ule ambapo ukuta unakutana na dari, taratibu, kutoka pembe hadi pembe. Fanya hivyo dakika 10 kila siku. Kisha tumia risasi moja tu kupiga karatasi kubwa kwa hatua 30, penye kilima nyuma yake. Matundu yatakuonyesha kama bunduki yako hupeleka marisau juu, chini au pembeni.

Mwisho, na hili ni kubwa kuliko yote: usalama. Marisau madogo yanaweza kwenda zaidi ya mita 200. Huko mbele yupo jirani anayepalilia, au mtoto anayelinda mpunga. Kwa hiyo usimpige kanga anayekimbia chini, wala anayeruka chini ya urefu wa kichwa cha mtu. Mpige tu ukiona mbingu nyuma yake. Ukivuka mtaro au ua, toa risasi kwanza. Kidole kisiguse kifyatuo mpaka bunduki iwe begani. Na ukipata kanga, toa marisau yote kabla ya kupika, maana risasi ni sumu, hasa kwa watoto.

Ikiwa huna hakika ya kilichoko mbele, mwache aruke. Mbegu hupandwa tena, jirani hapandwi.