Anayefundisha Ndiye Anayeuza Vyuma

Mwaka 2003 wenye mbwa nchini Marekani walitumia takriban dola bilioni 1.32 kwa ugonjwa mmoja tu: kuchakaa na kukatika kwa kano iliyo ndani ya goti. Makadirio hayo yalichapishwa 2005. Nyuma ya fedha hizo kuna biashara ambayo mwenye mbwa haioni, nayo ni ya kumfundisha daktari wa mifugo kushika msumeno, drili na bamba la chuma. Ukiifuatilia utakuta kwamba aghalabu anayefundisha ndiye anayeuza vyuma, na jambo hilo lina uzito kuliko linavyozungumzwa.

Mahitaji ya mafunzo haya ni ya kweli. Daktari anatoka chuoni akiwa ameona upasuaji wa mifupa zaidi ya alivyoufanya. Ubingwa huhitaji takriban miaka mitatu ya ziada chini ya wasimamizi, na nafasi ni chache. Wakati huohuo, Marekani na Uingereza hazina sheria inayomzuia daktari wa kawaida mwenye leseni kufungua goti la mbwa. Kila mgonjwa anayepewa rufaa kwenda kwa bingwa huondoka na ada yake. Ndipo kozi ya siku mbili tatu inapopata wateja.

Barclay Slocum, daktari wa wanyama mjini Eugene, Oregon, ndiye aliyeligeuza goti la mbwa kuwa soko. Aliona kwamba sehemu ya juu ya mfupa wa muundi huinama kuelekea nyuma, kwa kawaida nyuzi ishirini na ushei, hivyo kila mbwa anapokanyaga, muundi husukumwa mbele na kano ndiyo inayouzuia. Badala ya kutafuta mbadala wa kano, alikata kichwa cha muundi kwa msumeno uliopinda, akakizungusha mpaka mteremko ukabaki kama nyuzi tano, kisha akakifunga kwa bamba na skrubu. Upasuaji huo, unaojulikana kwa kifupi kama TPLO, ulichapishwa 1993 na ulilindwa kwa hataza. Aliyetaka kuufanya alipaswa kuhudhuria kozi ya Slocum na kutia saini kwamba hatamfundisha mwingine. Hataza ilipokwisha muda, katikati ya miaka ya 2000, watengenezaji wa mabamba walimiminika sokoni, na kozi nazo zikaongezeka.

Uhusiano wa somo na chuma ni wa zamani kuliko Slocum. Mwaka 1958, mjini Biel, Uswisi, madaktari 13 wa binadamu waliunda kikundi cha AO, cha kuunga mifupa iliyovunjika, na 1960 wakaanza kozi za vitendo Davos. Viwanda vilivyotengeneza vyuma vyao vililipa mrabaha, na mrabaha huo ukagharimia utafiti na ufundishaji. Tawi la madaktari wa wanyama, AO VET, lilizaliwa 1969. Mimi nauona utaratibu huo kuwa bora kuliko kozi ya kampuni moja, kwa sababu mtaala ulipangwa na wapasuaji wenyewe. Hata hivyo, mwanafunzi alijifunza kwa vyuma vya aina fulani, na mkono uliozoea chombo hauachi kukitafuta.

Darasani, mafunzo huanza kwa mifupa ya plastiki. Mingi hutoka kampuni ya Sawbones, katika kisiwa cha Vashon jimbo la Washington. Mwanafunzi hupima pembe kwenye eksirei, hukata, hutoboa, hupima kina cha tundu na kukaza skrubu. Baadaye huhamia kwenye mzoga, ambako kuna misuli ya kusogeza na mishipa ya kukwepa. Mzoga hautoki damu. Mwalimu mzuri hutumia muda mwingi hapo kuonyesha jinsi skrubu inavyoweza kuingia kwenye kiungo bila anayeikaza kujua, na nini kifanyike mfupa ukipasuka. Matatizo baada ya TPLO, makubwa kwa madogo, yameripotiwa kati ya takribani asilimia 10 na zaidi ya 30 ya wagonjwa kulingana na utafiti. Uzoefu wa mpasuaji ni miongoni mwa mambo yanayochangia tofauti hiyo.

Na uzoefu una hesabu yake. Tuseme kozi, msumeno, drili na seti ya mabamba vimegharimu dola 20,000, na kila upasuaji unabakiza dola 1,000. Daktari atahitaji wagonjwa 20 kurudisha fedha. Kliniki inayopata mmoja kwa mwezi itachukua karibu miaka miwili, na kwa mwendo huo mkono haukomai. Hapa ndipo kishawishi cha kumpasua mbwa ambaye angefaa kupelekwa kwa bingwa kinapozaliwa.

Soko lenyewe linakusanyika mikononi mwa wachache. Vimian ya Sweden imeziweka pamoja Kyon, BioMedtrix na kampuni nyingine za vyuma vya wanyama chini ya jina la Movora, ambayo pia huendesha kozi. Upande wa hospitali, kampuni ya Mars ilinunua mtandao wa VCA mwaka 2017 kwa takriban dola bilioni 9.1. Nchini Uingereza, kliniki zilizo chini ya makundi makubwa zimepanda kutoka karibu asilimia 10 mwaka 2013 hadi karibu 60.

Kuna njia nyingine ya kufunga chuma na elimu pamoja, na Dar es Salaam inaijua. Shirika la SIGN, lililoanzishwa 1999 na daktari Lewis Zirkle, hutoa misumari ya kuunga mifupa ya binadamu kwa hospitali zenye uhitaji, Muhimbili ikiwemo. Mpasuaji hutuma taarifa na picha za eksirei za kila mgonjwa, naye hupata maoni ya wenzake. Ujuzi wake unaendelea kukaguliwa miezi mingi baada ya darasa kufungwa.

Kwa wanyama, hatua ya karibu zaidi na hiyo ni rejista ya magoti ya mbwa iliyofunguliwa Uingereza mwaka 2021 na shirika la RCVS Knowledge, ambamo mpasuaji na mwenye mbwa wote huandika matokeo. Kujiunga ni hiari. Kampuni zinazotoza ada ya kozi zingeweza kudai kila mhitimu aandikishe wagonjwa wake humo kabla ya kumuuzia seti ya pili ya mabamba.