Mapenzi ya Wimbo Hayapimwi kwa Alama

Kila mtu ana pendo lake. Yupo apendaye mpira, yupo apendaye ngoma, na yupo ambaye bao humsahaulisha hata chakula. Huko Ulaya wako watu, wazee kwa vijana, ambao tangu utotoni wamelipenda shindano moja la nyimbo lionyeshwalo katika televisheni mara moja kwa mwaka. Shindano hilo huitwa Eurovision.

Lilianza tarehe 24 Mei, 1956, mjini Lugano, nchini Uswisi, likiandaliwa na Umoja wa Utangazaji wa Ulaya. Nchi zilizoshiriki zilikuwa saba tu, na kila moja ilileta nyimbo mbili. Ilikuwa imepita miaka kumi na mmoja tu tangu kumalizika kwa Vita Kuu ya Pili, na Ujerumani na Ufaransa, zilizopigana katika vita hivyo, zilikuwa miongoni mwa hizo saba. Aliyeshinda ni Lys Assia, bibi wa Kiswisi.

Katika nyumba nyingi usiku wa shindano huwa ni sikukuu ndogo. Baba, mama, watoto na bibi yao huketi pamoja, kila mmoja na karatasi na kalamu yake, wakiupa kila wimbo alama zao wenyewe. Kisha huja zamu ya nchi kupiga kura. Kwa utaratibu ulioanza mwaka 1975, wimbo uliopendwa zaidi hupewa alama 12, wa pili 10, wa tatu 8, na kuendelea kushuka hadi 1. Nchi hairuhusiwi kujipigia kura. Aliyeonja furaha hiyo akiwa mtoto aghalabu haiachi ukubwani. Mwaka 1984, nchini Finland, wapenzi hao waliunda hata chama chao, OGAE, ambacho baadaye kilienea katika nchi nyingi.

Lakini mshindi ni mmoja tu. Je, hao wanaoshindwa hupendewa nini?

Tutazame Norwei. Mwaka 1978 mwimbaji wake, Jahn Teigen, hakupata hata alama moja. Watu wa kwao hawakumtupa. Waliupenda wimbo wake, naye akarudi jukwaani kuiwakilisha nchi yake mwaka 1982 na 1983. Mwaka 1985 Norwei ikashinda kwa mara ya kwanza.

Hata hivyo, habari kubwa zaidi ni ya Ureno. Tarehe 6 Aprili, 1974, mjini Brighton, Uingereza, kundi la ABBA kutoka Sweden lilishinda na likajulikana dunia nzima. Usiku huo huo Paulo de Carvalho aliimbia Ureno wimbo wa mapenzi na kuagana. Alipata alama 3 tu, akawa miongoni mwa wanne wa mwisho.

Wakati huo Ureno ilikuwa chini ya udikteta, na askari wake walikuwa wakipigana Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji kuwazuia wananchi wasijitawale. Maofisa wa jeshi waliochoshwa na vita hivyo walipanga kuipindua serikali, na walihitaji ishara ambayo isingemshtua mtu. Waliuchagua wimbo wa Brighton, kwa kuwa ulijulikana na wote na haukuwa na neno la siasa. Tarehe 24 Aprili, saa tano kasoro dakika tano usiku, ulipigwa katika redio moja ya Lisbon. Baada ya saa sita ulifuata wimbo mwingine, ishara ya pili. Kesho yake udikteta ukaanguka.

Sisi wa Tanzania tunayajua yaliyofuata. FRELIMO, chama kilichoundwa Dar es Salaam mwaka 1962 na kuendesha vita vya ukombozi kwa miaka kumi, kiliipokea Msumbiji huru tarehe 25 Juni, 1975. Uhuru huo ulipatikana kwa damu ya wapiganaji, si kwa wimbo. Hata hivyo, usiku ule Lisbon, wimbo uliopewa alama 3 ndio uliowaambia askari kwamba saa imefika.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukimwona mzee wa Ulaya akiuimba kwa furaha wimbo ulioshika mkia miaka hamsini iliyopita, usimcheke. Waamuzi hutoa hukumu yao usiku mmoja. Watu huendelea kuimba maisha yao yote.