Asiyeshangilia: Ubaridi wa Michezo na Suala la Uraia Mjini Isiolo

Mnamo Agosti 2025, Kenya ilipoandaa kombe la CHAN pamoja na Tanzania na Uganda, lilikuwa jambo gumu kwa Mkenya kuzikwepa habari za Harambee Stars. Rais William Ruto alikuwa ameahidi kila mchezaji shilingi milioni moja kwa kila mechi ambayo timu ingeshinda. Timu hiyo iliilaza Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ikatoka sare na Angola, ikazishinda Moroko na Zambia, kisha ikatolewa na Madagaska kwa mikwaju ya penalti katika robo fainali iliyochezewa Kasarani tarehe 22. Katika siku hizo, mtu aliyekiri kwamba hakuyajua matokeo, wala hakuwa na haja ya kuyajua, alitazamwa kama mgonjwa asiyejijua. Makala haya yanamhusu mtu huyo, hasa anapokuwa mwenyeji wa Isiolo.

Inafaa kuanza na lugha yenyewe. Kiswahili kina utajiri wa majina ya mpenzi wa michezo: shabiki, mshangiliaji, mfurukutwa, mkereketwa. Baadhi ya majina haya hutumika katika siasa pia, na si ajabu, kwa kuwa uwanja wa mpira na jukwaa la kampeni ni majirani wa karibu. Yule asiyevutiwa na mambo hayo hana jina lake. Hutajwa kwa ukanushi tu: asiyejali, asiyeshabikia, asiyeshangilia. Lugha humtaja kwa kile alichopungukiwa, na jamii nayo humwona hivyo hivyo.

Kimsingi ubaridi huu ni suala la ladha. Kuna wanaosisimkwa na taarabu na kuna wanaolala ikipigwa. Furaha ya shabiki, aghalabu, ni furaha ya kuazima, maana yeye hushinda pasipo kukimbia na hushindwa pasipo kuanguka. Asiyeweza kuiazima furaha hiyo hana kosa. Tatizo huzuka pale ambapo timu inavishwa bendera. Kuanzia hapo ladha hugeuzwa kuwa wajibu, na kupiga miayo mbele ya televisheni huhesabiwa kama kuisaliti nchi.

Nchini Kenya muungano huu wa mbio na taifa ulijengwa mapema. Wilson Kiprugut alileta medali ya kwanza ya Olimpiki, ya shaba, kutoka Tokyo mwaka 1964, mwaka mmoja tu baada ya uhuru. Miaka minne baadaye, jijini Mexico, Kenya ilizoa medali tisa, tatu zikiwa za dhahabu. Naftali Temu alishinda mita 10,000, Amos Biwott akashinda mbio za kuruka viunzi na maji, naye Kipchoge Keino akamwacha Mmarekani Jim Ryun mbali katika mita 1,500. Keino alishinda tarehe 20 Oktoba 1968, Siku ya Kenyatta. Isingewezekana kupanga sadfa nzuri zaidi kwa taifa changa lililokuwa likitafuta mambo ya kujivunia kwa pamoja.

Lakini ni vyema kuuliza siku hiyo ilikuwaje Isiolo, mji ulio takribani kilomita 270 kaskazini mwa Nairobi, ambako kwa miaka mingi lami iliishia. Vita vya Shifta, vilivyoanza mwaka 1963, vilikuwa vimesitishwa mwishoni mwa 1967 tu. Wakati wa vita hivyo, wafugaji Waborana wa Waso walikusanywa na serikali katika vijiji vya lazima, mathalani Garba Tula na Merti, wakazuiwa kuhamahama kutafuta malisho. Sehemu kubwa mno ya mifugo, hasa ngamia, ilikufa au ikatwaliwa. Wazee hukiita kipindi hicho gaf Daba, yaani wakati wa kusimamishwa. Mtu aliyeingia kijijini akiwa na ngamia na akatoka bila hata mbuzi angelipokeaje tangazo kwamba “sisi” tumeshinda Mexico? Huenda wapo walioshangilia kwa dhati, kwa kuwa moyo wa binadamu haufuati mantiki. Hata hivyo, yule aliyenyamaza hakuwa na deni kwa yeyote.

Ikumbukwe kwamba kumalizika kwa vita hakukumaliza mambo. Sheria za hali ya hatari ziliendelea kuitawala kaskazini hadi mwaka 1991. Wenyeji walizoea kusema “ninakwenda Kenya” walipofunga safari ya kusini, na usemi huo haukuwa mzaha mtupu. Hata baada ya 1991, kijana kutoka jamii kadhaa za eneo hilo, Wasomali na Waborana wakiwamo, alipoomba kitambulisho aliweza kufikishwa mbele ya kamati ili apigwe msasa na kuthibitisha kwamba ni Mkenya, ilhali mwenzake wa maeneo mengine hakutakiwa kufanya hivyo. Mnamo Februari 2025 Rais Ruto, akiwa Wajir, alitangaza kuondolewa kwa utaratibu huo wa ziada.

Hapa ndipo kiini cha suala kilipo. Mkazi wa Nyeri au Kakamega asiyejali mpira huitwa mtu wa ajabu, mambo yakaishia hapo. Hakuna atakayeutilia shaka uraia wake. Mkazi wa Isiolo mwenye ubaridi uo huo huwekwa katika hatari ya kusomwa vingine: hashangilii kwa sababu nchi si yake, au moyo wake uko ng’ambo ya mpaka. Kutojali kwake hugeuzwa ushahidi. Hivyo basi, mtu anaweza kulazimika kuvaa jezi hata kama hajui wachezaji ni wangapi uwanjani, kwa sababu jezi ni kitambulisho ambacho hakihitaji kamati.

Kinyume chake ni jambo la kuchekesha. Jumamosi vibanda vya kuonyeshea mpira mjini Isiolo hujaa vijana wanaokesha wakibishana kuhusu Arsenal na Manchester United. Hadi leo hakuna aliyewataka wathibitishe kwamba wao ni Waingereza.

Ni kosa pia kudhani kwamba kila anayenyamaza Isiolo anaomboleza gaf Daba. Mji huu una wapenzi wa michezo wengi kama mji mwingine wowote, na msichana aliyezaliwa baada ya 1991 anaweza kuuchukia mpira kwa sababu tu unamchosha. Anayemhurumia kwa kumkumbusha mateso ya babu yake anamnyima kitu kile kile anachonyimwa na anayemshuku, yaani ruhusa ya kuchoshwa bila kutoa maelezo.

Mwaka 2023 Kenya, Uganda na Tanzania zilikabidhiwa uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Bendera zitauzwa tena katika barabara kuu ya Isiolo, na kwenye soko la mifugo mtu ataulizwa timu imefunga mangapi, naye atajibu kwa kuuliza bei ya fahali.