Jina la Bibi Lililogeuka Doa

Marehemu bibi yangu, Allah amrehemu, alituachia mfarishi mmoja tu. Aliushona kwa mkono kutokana na vipande vya kanga zake zilizochakaa, akaupiga bandi kwa uzi mweupe kutoka pindo hadi pindo. Nilipokabidhiwa niliona si vyema wajukuu wasijue ni kazi ya nani. Nikachukua kalamu yangu ya wino mwepesi, ile ninayoandikia kumbukumbu za vikao vya kamati, nikaandika jina lake kwenye kona ya nyuma. Haukupita muda mtoto akaulowesha, mama watoto akaufua kwa maji ya moto, na jina likayeyuka. Wino ulipenya pamba hadi upande wa juu, ukaacha doa la buluu ukubwa wa kiganja juu ya kanga aliyoipenda bibi kuliko zote.

Tangu hapo nimekuwa mdadisi wa jambo hili kwa mafundi na kwa shangazi zangu. Nimejifunza kwamba alama za mfarishi ni za aina mbili: ya kuongoza sindano, ambayo lazima itoke, na ya jina, ambayo lazima ibaki. Wengi wetu huharibu kwa kutumia kalamu moja kwa kazi zote mbili.

Kwa alama ya kutoka, kipande kikavu cha sabuni ya mche kilichochongwa ncha kinatosha kwenye kitambaa cha rangi nzito. Chaki ya fundi nayo hufaa. Zipo kalamu za buluu zinazotoka kwa maji. Hizo zitolewe kwa maji baridi matupu kabla ya kugusa sabuni au pasi, kwani joto huweza kuifanya alama ing'ang'anie daima. Zipo pia zinazofutika kwa joto la pasi, nazo zinadanganya: wino haukuondoka, umepoteza rangi tu. Baridi ikishuka kufikia nyuzi 10 chini ya sifuri, mistari huanza kurudi. Hapa kwetu Pwani hilo halitokei, lakini anayemshonea binti yake aliyeolewa Kanada na azingatie.

Wako wasiohitaji alama kabisa. Wanawake wa Kisiddi wa Karnataka, India, ambao asili ya wazee wao ni Afrika na baadhi yao ni Waislamu, hushona mifarishi iitwayo kawandi kwa nguo kuukuu. Huanzia pembeni, wakazunguka kwa bandi hadi katikati, bila kuchora mstari hata mmoja. Kila kona hutiwa kipande kilichokunjwa kiitwacho phula, yaani ua. Bila hicho, kwao mfarishi haujakamilika.

Ama jina, njia salama kuliko zote ni kulitarizi kwa uzi usiochuja rangi. Asiyeweza kutarizi achukue kipande cha marekani kilichokwisha kufuliwa, aandike kwa wino maalumu wa nguo usiofutika, akipige pasi kavu, kisha akifue peke yake kwanza kuona kama kinachuja. Ndipo akishone nyuma ya mfarishi kwa sindano. Gundi na pini asitumie. Pini huota kutu, na kutu haina dawa nyepesi. Wino nao si wa kuaminiwa ovyo. Huko Baltimore, Marekani, katika miaka ya 1840 ilikuwa desturi kushona mifarishi yenye majina ya watu wengi. Penye wino wa zamani uliotiwa chuma, kitambaa huliwa na maandishi yenyewe.

Kuna waliowahi kuniuliza kama waanze na Bismillah. Mfarishi hulaliwa, hukaliwa, na watoto ndio hao. Nasaha yangu ni kwamba jina la Allah lisiwekwe hapo. Jina la mshonaji, la aliyeshonewa, mji na mwaka vinatosha.

Doa letu halikutoka. Shangazi alikata kipande cha kanga nyingine ya bibi, akakishonea juu yake, na nyuma akatarizi jina kwa uzi mwekundu. Alipofika kwenye mwaka aliniuliza mimi, nami nikamuuliza yeye. Hakuna aliyejua, tukaacha nafasi.