Utabiri wa Redioni: Elimu au Ramli?

Kila mashindano makubwa ya kandanda yanapokaribia, redio huanza kucheza kabla ya wachezaji kuingia uwanjani. Kutoka stendi ya matatu ya Voi hadi soko la Taveta, kutoka mashamba ya mkonge ya Mwatate hadi vijiji vya milimani Wundanyi, watu hutega masikio wapate kujua nani atacheka na nani atalia. Wachambuzi hualikwa, wasikilizaji hupiga simu, na ubishi huhamia vibarazani na hata madarasani. Hapana ubaya katika mjadala huo. Lakini yafaa tujiulize: je, utabiri huo ni elimu, au ni ramli iliyovishwa kanzu mpya?

Tusiudhanie kuwa mzaha tu. Mtangazaji anaposimulia mechi inayochezwa, huwa ni jicho la asiyekuwapo uwanjani. Marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyetutoka Februari 2025, aliifanya kazi hiyo kwa Kiswahili kilichomwezesha msikilizaji kuuona mpira kwa masikio. Msimulizi wa namna hiyo hutueleza anachokiona. Mtabiri, kwa upande wake, hutueleza ambacho hakuna aliyekiona bado. Ndiyo maana anapaswa kuuchunga ulimi wake zaidi ya msimulizi.

Mfano tunao, wala haujapoa. Droo ya mashindano ya CHAN, yanayoshirikisha wanasoka wanaocheza katika ligi za nchi zao, ilifanyika Nairobi Januari 2025. Kenya, iliyokuwa ikishiriki kwa mara ya kwanza, iliangukia kundi moja na Morocco, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Angola na Zambia. Wengi walilibandika jina la kundi la mauti. Walikuwa na sababu: katika makala saba yaliyotangulia, Morocco na Kongo zilikuwa zimelitwaa kombe mara mbili kila moja.

Agosti ilipowadia, mambo yaligeuka. Kenya iliilaza Kongo 1-0, ikatoka sare ya 1-1 na Angola, ikaishinda Morocco 1-0, kisha Zambia 1-0. Iliongoza kundi kwa pointi 10. Papo hapo utabiri nao ukabadilisha mkondo, na waliokuwa wakihofia aibu wakaanza kuota kombe. Katika robo fainali, Agosti 22, Madagascar ikatoka sare ya 1-1 na wenyeji na kuwatoa kwa mikwaju ya penalti. Hatimaye Morocco, iliyokuwa imefungwa na Kenya, ndiyo iliyobeba kombe huko Kasarani kwa kuishinda Madagascar 3-2.

Funzo si kwamba wachambuzi ni wajinga. Aliyeipa Morocco nafasi kubwa alikuwa na hoja, na mwisho wa yote hoja yake ilisimama. Funzo ni kwamba nafasi kubwa si hakika. Mchambuzi mwadilifu husema, "Timu hii ina uwezekano mkubwa zaidi, kwa sababu hizi na hizi." Mpiga ramli husema, "Hii imeshinda tayari." Wa kwanza humpa msikilizaji kipimo cha kufikiria, wa pili humpokonya akili na kumwachia ushabiki mtupu.

Hapa ndipo linapozuka jambo zito. Siku hizi neno la mtabiri haliishi hewani. Huingia katika simu ya kijana na kugeuka pesa. Sheria ya Kenya haimruhusu aliye chini ya umri wa miaka 18 kucheza kamari, lakini sauti ya redio haimwulizi msikilizaji umri wake. Mnamo Aprili 2025 bodi ya serikali iliyosimamia kamari, BCLB, ilisitisha kwa siku 30 matangazo yote ya kamari katika vyombo vya habari. Hatua kama hiyo haichukuliwi pasipo hofu ya madhara.

Tuchukue hesabu ndogo ambayo mwalimu anaweza kuiandika ubaoni. Kijana anatandika mkeka wa mechi nne. Tuseme mchambuzi wake ni hodari, na kila utabiri una nafasi 6 katika 10 za kutimia. Kijana hudhani kwamba mkeka wote nao una nafasi 6 katika 10. La hasha! Lazima azidishe: 0.6 mara nne kwa yenyewe, jibu likiwa takribani 0.13. Maana yake, katika mikeka 100 ya aina hiyo, ipatayo 87 huchanika. Nauli ya shule au fedha za daftari zimekwenda, na mtabiri yuko hewani akitabiri mengine.

Watakuwapo watakaosema kwamba huu ni mchezo tu, na kwamba redio bila utabiri ni chai bila sukari. Nami sitaki chai chungu. Ninachodai ni kwamba mtabiri ataje sababu zake, na baada ya mashindano kituo kirejee hewani kieleze utabiri upi ulitimia na upi ulianguka. Vituo vya kwetu vinavyotangaza kwa Kidawida, sawa na vile vya Kiswahili, vinaweza kulifanya hilo bila gharama yoyote.

Walimu nao wasingoje redio ijirekebishe. Wanafunzi wanaweza kunakili utabiri wa wiki nzima, kuulinganisha na matokeo, kisha kuandika insha juu ya waliyoyaona. Humo mna hisabati, mna Kiswahili, mna maadili.

Septemba 2023 Kenya, Uganda na Tanzania zilikabidhiwa uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Kwa fainali za aina hiyo, ngoma za watabiri hupigwa mapema. Wahenga walinena kwamba akili ni mali. Basi kijana wa Taita Taveta na asikilize, ashangilie, abishane apendavyo, ila asimkabidhi mtangazaji akili yake pamoja na mfuko wake.