Unanunua mtoto wa mbwa? Soma kwanza kadi yake ya chanjo

Muuzaji akikuambia mtoto wa mbwa ameshachanjwa, mwombe kadi. Isome kabla hujatoa fedha.

Tunasisitiza hivyo kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Dalili zikishajitokeza kwa mtu, karibu kila mara mgonjwa hufa. Shirika la Afya Duniani linasema hadi 99 kati ya kila visa 100 vya binadamu hutokana na mbwa, na watoto ni miongoni mwa wanaoathirika zaidi.

Kwanza, hakikisha kadi ni ya mbwa huyo. Tazama rangi, jinsia na tarehe ya kuzaliwa. Kadi ikisema jike mweusi, na mbele yako yuko dume wa kahawia, kadi hiyo ni ya mbwa mwingine.

Pili, linganisha tarehe. Chanjo ya kichaa kwa kawaida hutolewa mbwa akifikisha wiki 12, ingawa kwenye kampeni za chanjo vijijini hata wadogo zaidi huchanjwa. Kwa hiyo mbwa wa wiki 8 akikosa chanjo hiyo, muuzaji hajakudanganya. Ila kumpeleka itakuwa kazi yako. Lakini kadi ikionyesha chanjo zote zimekamilika katika umri huo, uliza maswali.

Tatu, tafuta jina la chanjo, namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda. Mara nyingi huwa kwenye lebo iliyobanduliwa kwenye kichupa na kubandikwa kwenye kadi. Siku ya kuchanja lazima iwe kabla ya chanjo kuisha muda.

Nne, angalia jina, saini na muhuri wa aliyechanja. Usitegemee namba ya simu uliyopewa na muuzaji peke yake. Mpigie afisa mifugo wa kata yako, umuulize kama anamfahamu mtaalamu huyo.

Ukishanunua, itunze kadi na ufuate tarehe ya kurudia chanjo.

Na kumbuka, msikilizaji: mbwa akimng'ata mtu, hata kama ana kadi, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Chukua kadi, lakini usipoteze muda kuitafuta.