Mapatano ya Kwanza ya Marekani

Mapatano ya kwanza ya dola 13 za Marekani, yaliyothibitishwa mwaka 1781, hulaumiwa kwa kuwa Baraza lao halikuweza kutoza kodi. Lawama hiyo ni ya haki. Lakini twaona yafaa kutaja na mema yake. Chini yake vita na Uingereza vilikwisha kwa amani mwaka 1783. Virginia na nyingine zikaacha madai ya ardhi ya magharibi ili iwe mali ya wote, ingawa wenyeji wa asili hawakuwa na sauti shaurini. Mwaka 1785 Baraza liliamuru ardhi ipimwe, na katika kila mafungu 36 fungu moja liwe la shule. Mwaka 1787 likakataza utumwa kaskazini ya mto Ohio. Katiba iliyoanza kazi mwaka 1789 haikuyavunja hayo. Basi, aliyechimba msingi asidharauliwe kwa kuwa hakuezeka nyumba.